Nakuru: Kiamunyi, Ngata au Lanet? Tunatafuta nyumba ya kuishi na watoto

#1 MamaPendo
Hamjambo wadau. Tunapanga nyumba mtaa wa Section 58, na sasa mimi na mzee tumesema kodi imetosha, tununue nyumba iliyokwisha kujengwa kwa mkopo wa Sacco. Mimi nafundisha Njoro, yeye kazi yake iko katikati ya mji. Watoto ni wawili na mdogo hajaanza shule.

Tumezunguka tukaona nyumba tatu zinazolingana: vyumba vitatu, ploti ya hamsini kwa mia. Ya Lanet ndiyo nafuu. Ya Ngata iko katikati. Ya Kiamunyi imeizidi ya Lanet kwa karibu milioni mbili na nusu, na haina hata ukuta wa mawe, ni seng'enge na ua wa michongoma.

Hiyo tofauti inalipia nini hasa? Dalali nikimuuliza ananijibu, "Kiamunyi ni Kiamunyi." Nataka jibu la mtu mzima.

#2 Kijana_wa_Shabab
Unalipia jina, mama. Ukisema unakaa Kiamunyi unapewa kiti cha mbele harusini 😂

#3 Soroveya_Mstaafu
Kijana anacheka lakini jambo lina asili yake. Kiamunyi iko kwenye barabara ya Kabarak, na nyumbani kwa marehemu Rais Moi ni hukohuko Kabarak. Barabara iendayo kwa rais haiachwi na mashimo. Baadaye Chuo Kikuu cha Kabarak kikafunguliwa, wahadhiri na wafanyakazi wakatafuta mahali pa kujenga kati ya chuo na mji. Mtu mwenye mshahara wa kila mwezi akijenga, jirani yake naye anapandisha bei. Ndivyo ilivyoanza.

#4 Jicho_la_Menengai
Mzee wangu, hapo umeeleza lami, hujaeleza bei. Free Area na Lanet ziko kando ya barabara kuu ya Nairobi yenyewe, mbona hazikupanda hivyo?

Mimi nasema ni ukubwa wa ploti. Kiamunyi watu wengi wa mwanzo walinunua robo ekari, nusu ekari, wakajenga nyumba moja katikati na kupanda miti. Kule mashariki ploti zilikatwa ndogo mapema, kisha wenye ploti wakagundua vyumba vya kupangisha vinalipa kuliko bangaloo. Leo unanunua nyumba yako, mwaka ujao jirani anapandisha ghorofa nne na wapangaji wanakuona ukianika nguo. Hiyo milioni mbili na nusu ni ya kutochunguliwa.

#5 Bi_Shamim
#4 lini umefika Kiamunyi mara ya mwisho? Ghorofa zimeshaanza, tena za wanafunzi. Na hiyo ya Mama Pendo ni hamsini kwa mia, kwa hiyo robo ekari yako imeshakatwakatwa. Bei imebaki ya zamani, ploti imekuwa ya sasa.

#6 FundiBomba
Mmeanza na barabara wakati mama amesema ana mtoto mdogo. Jambo la kwanza Nakuru ni maji, kwa sababu ya meno.

Visima vya huku Bonde la Ufa vina floridi. Kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita, na viko visima vinavyopita hapo mara kadhaa. Mtoto anayekunywa maji hayo meno yake ya ukubwani yakiwa bado yanajijenga ndani ya fizi, yaani tangu utotoni mpaka miaka minane hivi, yanatoka na madoa ya kahawia na hayasafishiki kwa mswaki wala mkaa. Wewe mtu mzima meno yako yalishamaliza kazi hiyo, hayatageuka. Mtoto wako mdogo ndiye wa kuchungwa.

Nyumba nyingi za pembeni mwa mji zina kisima cha mtaa au cha mwenye ploti. Usiulize "maji yapo?" Uliza yanatoka wapi.

#7 Kijana_wa_Shabab
Si achemshe tu?

#8 FundiBomba
Hapana! Kuchemsha kunaua wadudu, floridi inabaki palepale. Tena maji yakipungua kwa mvuke, kilichobaki kina floridi kali zaidi. Watu wengi wanaharibu meno ya watoto wakidhani wanawalinda.

Kinachosaidia ni chujio la mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imefanya kazi hiyo miaka mingi. Ila mkaa unachoka, sharti ubadilishwe. Ukiusahau unakunywa yaleyale ukiwa na imani.

#9 Mzawa_Bondeni
Mimi meno yangu ni ya kahawia tangu darasa la tatu na nimeoa, tena mke wa Milimani. Msitutishe.

#10 Bi_Shamim
@Mzawa_Bondeni alikuona ukicheka kabla ya mahari au baada?

#11 Mzawa_Bondeni
Nilicheka nimefunga mdomo mpaka siku ya arusi 😂😂

#12 Nyanya_wa_Njoro
Wajukuu acheni mzaha. Mwalimu, weka mifereji kwenye paa na tangi kubwa. Maji ya mvua hayana shida hiyo. Ile mvua ya kwanza baada ya kiangazi iachie iondoe vumbi, ndipo ukinge. Hayo yawe ya kunywa na kupikia, ya kisima yawe ya kufulia. Watoto wangu wote walikua hivyo na meno yao ni meupe.

Lakini mbona hakuna aliyemwambia aje Njoro kwenyewe? Kazi yake iko huku, hewa ni ya baridi, sukuma inaota bila kubembelezwa.

#13 MamaPendo
Asante FundiBomba, asante nyanya. Njoro mzee wangu hataki, anasema baridi ya asubuhi itamrudishia pumu. Kisima cha Kiamunyi ni cha pamoja, nyumba kama kumi zinachangia. Cha Ngata ni cha muuzaji mwenyewe. Lanet ni maji ya mfereji yanayokuja kwa zamu. Je, Kiamunyi floridi iko chini kuliko Lanet? Pengine ndiyo maana ya bei?

#14 FundiBomba
Hapana mama, usipime kwa mtaa. Visima viwili vilivyopakana vinaweza kutofautiana kabisa kwa sababu ya kina na mwamba. Chota chupa ya kila kisima upeleke maabara. Ni pesa kidogo mbele ya milioni. Muuzaji akikataa usichote, umeshapata majibu.

#15 Dereva_wa_Molo
Mimi naendesha hiyo barabara kila siku. Njoro, Ngata na Kiamunyi zote ziko upande wa machweo wa mji. Lanet iko upande wa macheo. Ukinunua Lanet, mwalimu, kila asubuhi utavuka mji mzima kwenda kazini na jioni uuvuke tena. Jumapili jioni, au sikukuu watu wakirudi Nairobi, usiseme. Ngata unatoka, unaingia barabara kuu, unashika mkato wa Njoro, umefika. Hesabu mafuta au nauli ya miaka kumi, ile bei nafuu ya Lanet inaliwa yote.

#16 Kaka_Lanet
Dereva, umesahau kwamba barabara ya Rironi hadi Mau Summit inapanuliwa? Ilizinduliwa Novemba 2025. Ikikamilika Lanet ndiyo itakuwa mlango wa jiji kutoka Nairobi. Anayenunua sasa ananunua rahisi. Mama Pendo usiangalie leo tu.

#17 Dereva_wa_Molo
Itakuwa ya kulipia pia, usimfiche.

#18 Mkaa_Ngata
Na upanuzi una upande wa pili. Nyumba ikiwa karibu na barabara kuu, iwe Lanet au huku kwetu Ngata, angalia hifadhi ya barabara (ardhi iliyotengewa barabara) kwenye ramani kabla ya kupenda rangi ya mabati. Nimeona watu wakipigiwa alama ya X ukutani na hati wanayo mkononi. Ramani ya mpima ndiyo inayosema bikoni, yaani alama za mpaka, ziko wapi.

Mimi niko Ngata na siwezi kusifu kila kitu. Vumbi Januari ni la kula kwa kijiko. Jirani wangu ana jogoo wasio na saa. Lakini watoto wanaendesha baiskeli nje bila mimi kusimama getini, na hilo sikuwahi kulipata mjini.

#19 Wakili_Kando
Naongeza ya karatasi kwa sababu naona mmezama kwenye maji.

Kwanza, fanya sachi, yaani ukaguzi wa hati kwenye ofisi ya ardhi, wewe au wakili wako, usipokee nakala ya sachi kutoka kwa dalali. Pili, nyumba za "korti", zile kumi au ishirini ndani ya geti moja, mara nyingi zinauzwa hati mama ikiwa bado haijagawanywa. Muuzaji anakuambia yako "inashughulikiwa". Usilipe pesa yote kwa hati inayoshughulikiwa. Tatu, ardhi ikiwa bado imeandikwa ya kilimo, mauzo yanahitaji kibali cha Bodi ya Ardhi, na ombi lipelekwe ndani ya miezi sita tangu mkataba. Bila kibali mauzo hayasimami kisheria. Nne, kama muuzaji ana mke au mume, idhini ya mwenzake iwe kwa maandishi.

Ushuru wa stempu utakuwa asilimia mbili, maana maeneo hayo yote yako nje ya mji.

#20 Soroveya_Mstaafu
Wakili hapo mwisho umeteleza. Asilimia mbili ni ya mashambani, ya mjini ni nne. Na Nakuru imekuwa jiji tangu Desemba 2021, kwa hiyo asijihesabie mbili kabla ya kuuliza ploti yenyewe iko wapi. Tena ushuru unakatwa kwa thamani atakayoiona mthamini wa serikali, si ile mnayonong'onezana na muuzaji.

#21 Wakili_Kando
Sawa mzee, ni kweli kwa zilizo ndani ya mpaka. Lakini si kila ploti inayoitwa Ngata au Kiamunyi imo ndani ya mpaka. Tuseme aweke nne kwenye bajeti, ikija mbili anunue kochi.

#22 Bi_Shamim
Nimesubiri mtu ataje nyufa, naona wote mnauza ploti hapa. Udongo wetu ni jivu la volkeno. Mvua ikizidi, ardhi inafunguka. Magharibi ya mji, Kaptembwa na Rhonda, si siri. Mama Pendo, kabla ya kununua upande huo uliza wazee.

#23 Jicho_la_Menengai
Huo ni Ufa wenyewe unaopanuka. Afrika inagawanyika, tunakaa kwenye mshono. Kumbukeni 2018, barabara ya Mai Mahiu kwenda Narok ilivyokatika.

#24 Soroveya_Mstaafu
2018 hata wataalamu wa miamba walibishana, usiwamalizie. Ufa unapanuka kwa milimita chache kwa mwaka, hautoboi sebule yako kwa usiku mmoja. Kinachotokea mara nyingi ni maji: mvua inaingia kwenye jivu lililolegea, inafuata mipasuko ya kale chini, inabeba vumbi laini taratibu, juu panabaki kama paa la chumba kitupu. Siku moja panadidimia.

#25 FundiBomba
Nami naongeza kwamba sisi wenyewe tunaimwagia. Mtaa hauna bomba la maji taka, kila nyumba imechimba shimo la kunyweshea, maji yote ya bafu yanashuka palepale karibu na msingi. Nimeitwa kwenye nyumba imepasuka ukuta, mwenyewe analaumu tetemeko, kumbe shimo lake liko hatua nne kutoka jikoni.

#26 Jicho_la_Menengai
Hiyo mipasuko ya kale ilitoka wapi kama si Ufa? Tumerudi kwangu.

#27 Mzawa_Bondeni
Mtu ameuliza nyumba, sasa tuko kwenye umri wa dunia.

#28 Nyanya_wa_Njoro
Na Ziwa Nakuru je? Watu wa Mwariki na Barut walilala nchi kavu wakaamka na ziwa mlangoni. Geti kuu la mbuga lilihamishwa. Waliambiwa ni ploti nzuri zenye mandhari ya ziwa.

#29 Kaka_Lanet
Nyanya, hilo ni kweli, ila hizo nyumba tatu haziko huko. Ziwa limekuwa likijaa tangu 2010 hivi. Wengine wanasema ni Msitu wa Mau kukatwa, udongo ukashuka kwenye mito. Wengine wanasema ni ardhi ya chini. Ripoti ya serikali ya 2021 iliweka uzito zaidi kwenye mvua. Kwa mnunuzi inatosha kujua kwamba ziwa halina bikoni.

#30 Kijana_wa_Shabab
Mbona hakuna anayetaja London? Nyumba nzuri, karibu na mji, na ukipigiwa simu unasema uko London bila kudanganya.

#31 Bi_Shamim
Umeisahau Gioto? Upepo ukigeuka kutoka jaa la taka utatamani London ile nyingine. Na mvua kubwa ikija, maji ya mteremko wa Menengai hayapigi hodi.

#32 Mama_London
Mimi niko London na siisikii harufu kila siku. Inategemea uko upande gani na upepo. Msihukumu mtaa mzima kwa jaa moja. Anayetaka nyumba ya kufika mjini kwa miguu, aje aone.

#33 Bwana_Mawanga
Naunga mkono #32. Sisi Mawanga tangu yale mauaji ya wanawake mwaka 2022, mtu akisikia unakokaa anakupa pole. Leo tuna taa, kikundi cha Nyumba Kumi kinachokutana kweli, na bei imebaki chini kwa sababu ya sifa mbaya tu. Mama Pendo ungeongeza nyumba ya nne kwenye orodha.

#34 Mwenyeji_77
Nitasema wanalolizunguka wengine. Watu wa rika langu tukinunua nyumba Nakuru tunauliza kimoyomoyo majirani ni akina nani, kwa sababu ya zile ghasia za baada ya uchaguzi za mapema 2008. Nadhani sehemu ya ile bei ya Kiamunyi iko hapo pia. Wakati ule wengi walihama walikohama, wakatafuta mahali wanapoamini watakuwa salama, na mahitaji yakapanda. Mimi nilichagua kinyume chake, mtaa wenye mchanganyiko wa kila kabila, na katika chaguzi zilizofuata tulikesha pamoja getini. Siwezi kumshauri mtu kwa hilo, kila mmoja ana alichokiona.

#35 Soroveya_Mstaafu
Mwenyeji umesema kwa adabu. Lakini bei ya Kiamunyi ilianza kupanda kabla ya hapo.

#36 Mwenyeji_77
Sijasema ilianza hapo, mzee. Nimesema sehemu.

#37 Ughaibuni_Minnesota
Mnatafuta mchawi, mchawi ni sisi 😂 Mtu anatuma dola, anajengewa na kaka yake, hajui bei ya saruji wala ya ploti. Anauliza "Kiamunyi?" anaambiwa bei, anatuma. Mimi mwenyewe nimenunua huko kwa picha za simu.

Wakili, niulize hapohapo: nikichukua uraia wa Marekani shamba langu litakuwaje?

#38 Wakili_Kando
Ukibaki na uraia wa Kenya pamoja na huo mwingine, wewe bado ni Mkenya, hakuna kinachobadilika. Ukiuacha wa Kenya, Katiba kifungu cha 65 inakuruhusu kumiliki kwa kukodi tu, isiyozidi miaka 99. Mengine fungua uzi wako, ada yangu ni chai.

#39 Mkaa_Ngata
Mama Pendo, kabla ya kuamua nenda kila nyumba usiku wa Ijumaa na asubuhi ya Jumapili. Dalali hupeleka watu Jumanne saa nne, wakati hata mbwa wamelala. Ijumaa utajua baa iko wapi, Jumapili utajua spika za kanisa zinaelekea kwa nani.

#40 Mzawa_Bondeni
Kama muuzaji wa Ngata amekwambia jogoo ni wake, ni wa jirani. Tumeshasoma #18.

#41 MamaPendo
Nimerudi. Asanteni nyote, hata mliocheka. Tumepeleka chupa mbili maabara: kisima cha Ngata kiko juu ya 1.5, cha Kiamunyi kiko chini kidogo. Lanet mzee ameitoa kwa sababu ya safari yangu, ingawa anaililia bei. Wakili tuliyempata amefanya sachi ya Kiamunyi. Hati ni ya peke yake, si hati mama, lakini iko rehani benki. Muuzaji hakuwa ametuambia. Anasema deni litalipwa na pesa zetu na hati itatoka.

#42 Wakili_Kando
Hilo ni la kawaida na linafanyika, ila malipo yapitie kwa mawakili wa pande zote mbili na benki itoe barua ya kiasi kinachodaiwa. Muuzaji asiguse shilingi kabla ya rehani kufutwa.

#43 Bi_Shamim
Basi jibu la uzi limepatikana! Anauza ghali kwa sababu anadaiwa. Hiyo milioni mbili na nusu ni riba ya benki, si lami wala meno. Mwambie ashuke, hana pa kwenda.

#44 Jicho_la_Menengai
Dada, nyumba inayopakana na hiyo iliuzwa Machi, naijua, haikuwa na deni hata la duka. Bei ilikuwa ileile.

#45 Bi_Shamim
Uliiona hati yake?

#46 Jicho_la_Menengai
Nilikuwa dalali.

#47 Kijana_wa_Shabab
😂😂😂 Mama Pendo, ndiye huyuhuyu wa "Kiamunyi ni Kiamunyi"?

#48 FundiBomba
Wakati mnacheka: ile ya Ngata, chujio la mifupa na tangi la lita elfu kumi vinaingia kwenye hiyo tofauti ya bei na chenji inabaki. Nani ana namba ya muuzaji? Mama Pendo akiiacha, kuna mteja wangu anaitaka.